Barua Mbili: Huckleberry Finn, Félicité Niyitegeka na Maana ya Ushujaa

Kila inapokaribia tarehe 1 Februari, Siku ya Mashujaa nchini Rwanda, mimi huwapa wanafunzi wangu insha ile ile: eleza shujaa ni nani. Majibu mengi hufanana. Shujaa ana nguvu, haogopi, humshinda adui na kurejea nyumbani akipigiwa vigelegele. Siwalaumu. Ndivyo walivyo mashujaa wa hadithi nyingi za safari na hatari ambazo Kiswahili kilizipokea kutoka ng'ambo. Mwaka 1929 ilitoka tafsiri ya Frederick Johnson iitwayo Mashimo ya Mfalme Sulemani, na wasomaji wengi walikutana humo na mwindaji wa kigeni mwenye bunduki, ambaye Afrika kwake ni mahali pa kutafuta almasi. Mtu huyo anarudi tajiri kuliko alivyoondoka. Moyoni hajabadilika sana.

Kipo hata hivyo kitabu kingine cha safari, cha Mmarekani, ambamo kinachosafiri hasa ni dhamiri. Nacho ni Adventures of Huckleberry Finn cha Mark Twain, kilichotoka Uingereza mwishoni mwa 1884 na Marekani mwaka 1885. Jina halisi la mwandishi ni Samuel Clemens. Alizaliwa mwaka 1835 katika jimbo la Missouri, akakulia Hannibal, mji mdogo ulio kando ya mto Mississippi, mahali ambapo kumiliki binadamu kulikuwa halali mbele ya sheria na kuhalalishwa kanisani. (Sisi wa Rubavu tuna sababu nyingine ya kumkumbuka: mwaka 1905 alitoa kijitabu cha kumshambulia Mfalme Leopold wa Pili kwa ukatili uliotendwa Kongo, nchi tunayoiona kila asubuhi ng'ambo ya mpaka.)

Huck ni kijana fukara, mwana wa mlevi anayempiga. Anatoroka, na kisiwani anakutana na Jim, mtumwa aliyetoroka baada ya kusikia kwamba mmiliki wake, Bi Watson, angemuuza New Orleans kwa dola 800. Wawili hao wanashuka mtoni kwa chelezo. Mwanzoni Huck anamwona Jim kama alivyofundishwa kumwona: mali ya mtu, tena mali ya kuchekesha. Usiku mmoja wanapoteana katika ukungu. Huck anaporudi anamdanganya Jim kwamba hakuna lililotokea, kwamba yote ilikuwa ndoto. Jim, aliyekuwa karibu kufa kwa huzuni akidhani mwenzake amezama, anamwambia waziwazi jinsi alivyomuumiza. Inamchukua Huck robo saa nzima kujilazimisha kwenda kumwomba radhi mtumwa. Nimesoma sura hiyo mara nyingi, na kwangu safari ya kitabu inaanzia kwenye robo saa hiyo, wala si penye mapigano yoyote.

Baadaye anamsikia Jim akilia usiku kwa ajili ya mkewe na watoto wake. Anamsikia akisimulia jinsi alivyompiga bintiye mdogo kwa kutotii, kabla ya kugundua kwamba homa ilikuwa imemwacha kiziwi. Mtu anayejuta namna hiyo hawezi tena kuitwa mali. Kabla ya hapo, wanaume wenye bunduki wanaosaka watumwa watoro walipoukaribia ule chelezo, Huck aliwafanya waamini kwamba ndani mna mgonjwa wa ndui. Walimwachia dola 40 na kukimbia.

Kisha inakuja barua. Jim amekamatwa. Huck anaketi na kumwandikia Bi Watson amweleze alipo mtumwa wake. Akimaliza anajisikia ametakasika, kwa kuwa ametenda alilofundishwa kuwa ni haki. Lakini anaanza kuukumbuka mto, zamu za usiku ambazo Jim alimshikia ili yeye alale, maneno ya upole. Anaamini kabisa kwamba akimsaidia Jim ataingia jehanamu. Anaichana barua.

Hapo mwanafunzi mmoja aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka: "Mwalimu, anawezaje kuwa shujaa ilhali yeye mwenyewe anadhani anatenda dhambi?" Baada ya kulitafakari naona ugumu wa kitabu umo humo. Huck hakuwa na nadharia ya haki za binadamu. Sheria, majirani na watu wa dini wote walikuwa upande mmoja, naye alikuwa na ushahidi mmoja tu upande wa pili: mtu anayemfahamu. Alichagua kuuamini ushahidi huo.

Sikisifu kitabu chote. Katika sura za mwisho anatokea Tom Sawyer, aliyelewa hadithi za mashujaa, na kumgeuza Jim kuwa kikaragosi cha mchezo wa kutoroka gerezani, hali anajua fika kwamba Bi Watson amekwisha kufariki na kumwacha Jim huru katika wasia wake. Huck anamfuata, na ukuaji wake unafifia mbele ya macho yetu. Anayebaki na heshima ni Jim mwenyewe. Tom anapopigwa risasi mguuni, Jim anaacha uhuru ulio mbele yake ili mvulana huyo apate daktari. Anakamatwa tena kwa sababu hiyo. Kama kitabu kina shujaa aliyelipa, ni huyo, ingawa jina lake halimo katika anwani.

Twende sasa Gisenyi, Aprili 1994. Wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio na viongozi waliyaita mauaji kuwa "kazi". Neno hilo litafakari. Jirani hakuambiwa atende uovu; aliambiwa atimize wajibu. Aliyemficha mtu ndiye aliyehesabiwa msaliti. Ni ulimwengu ule ule wa Huck uliopinduliwa juu chini, ila hapa hukumu haikusubiri jehanamu ya kufikirika. Ilikuwa kwenye kizuizi cha barabarani.

Félicité Niyitegeka, aliyezaliwa mwaka 1934, alikuwa mlei aliyejiweka wakfu katika kanisa Katoliki, akifanya kazi katika kituo cha Saint-Pierre. Alikuwa Mhutu, na kwa hiyo hakuwa miongoni mwa waliowindwa. Aliwapokea Watutsi waliokuwa wakikimbia, akawahifadhi, na kuwasaidia wengine kuvuka kuingia Goma. Kaka yake, afisa wa jeshi, alitaka kumwondoa hapo kabla wauaji hawajafika. Félicité akamjibu kwa barua: aliona afadhali kufa pamoja na watu aliowapokea kuliko kujiokoa na kuwaacha. Tarehe 21 Aprili 1994 wauaji walikuja. Alipewa nafasi ya kujitenga, akakataa. Aliuawa pamoja na aliokuwa akiwahifadhi, mahali panapoitwa Commune Rouge, ambapo leo pana ukumbusho, si mbali na hapa Rugerero.

Naziweka barua hizo mbili mezani, ya kubuniwa na ya kweli, na ninachokiona kwanza ni tofauti. Huck alichana barua ili asimsaliti mtu. Félicité aliandika yake kwa sababu iyo hiyo. Huck alikuwa na mto wa kumchukua mbali. Félicité alikuwa na mpaka hatua chache tu kutoka alipo, na mtu wa kumvusha, akabaki. Tena hakuwa kijana anayekua. Alikuwa na miaka ipatayo 60. Ukuaji wake ulifanyika katika miaka ambayo hakuna aliyeisimulia, katika kuwahudumia watu bila kuwatenga, hata siku ile ilipofika hakuhitaji robo saa.

Waliohitaji kukua haraka ni wanafunzi wa Nyange. Usiku wa 18 Machi 1997, miaka mitatu tu baada ya mauaji ya kimbari, waasi waliingia katika shule yao ya sekondari, kwenye madarasa ya mwaka wa tano na wa sita, wakawaamuru wajitenge, Wahutu upande huu na Watutsi upande ule. Wakajibu kwamba wao ni Wanyarwanda. Waasi wakatumia risasi na guruneti. Wanafunzi sita waliuawa. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejitenga, ingawa wengine wangeweza kununua uhai kwa hatua tano za sakafuni.

Félicité na wanafunzi hao wamo katika daraja la Imena, la pili katika madaraja matatu ya mashujaa wa taifa, baada ya Imanzi na kabla ya Ingenzi. Katika kundi la Nyange hawakuhesabiwa waliofariki peke yao. Walionusurika nao ni mashujaa. Huck, kitabu kinapokwisha, anapanga kukimbilia nchi za magharibi ili asije akastaarabishwa. Walionusurika Nyange walibaki. Wengine wana makovu hadi leo, wana familia na kazi, na hukubali mwaliko wa shule. Mwaka huu wanafunzi wangu wameandaa maswali yao wenyewe. La kwanza kwenye orodha ni hili: je, mlikuwa mmewahi kuzungumza jambo hilo kabla ya usiku ule?