Matangi mawili, moja kazini
Toyota Land Cruiser HZJ78 ya matangi mawili hubeba lita 90 za dizeli kila tangi. Kwa safari za milimani kama Kibakwe, wilayani Mpwapwa, akiba hiyo si anasa.

Tangi moja likishushwa kukwanguliwa kutu, gari hutembelea lingine. Wengi hukumbuka mpira wa kupeleka mafuta tu. Pampu hurudisha dizeli ya ziada, na mpira wa marejesho lazima uingie tangi lilelile. Ukiachwa upande ulioshushwa, dizeli humwagika chini. Ncha zilizobaki wazi huzibwa. Mpira wa kupeleka mafuta ukiwa na ufa mdogo, injini huvuta upepo na kuzimika. Fundi hupampu kwa mkono penye chujio mpaka mapovu yaishe.

Tangi moja likiwa bado limeshushwa, tafadhali usiguse swichi ya kubadilisha matangi.