Kuwinda Kanga Peke Yako: Habari za Mbwa Tuliyemkana



Kila Jumamosi asubuhi, mvua isiponyesha, hupita na mbwa wangu kando ya Duck River, kule kati ya Auburn na Granville. Jina lenyewe maana yake ni Mto wa Bata, na bata kweli wapo. Mbwa akiwaona husimama kimya, mguu mmoja wa mbele ameukunja, mkia umenyooka, mwili wote unamtetemeka. Hakuna aliyemfundisha. Nami husimama. Kwa dakika moja hivi tunakuwa viumbe wawili wenye nia moja, kisha naivuta kamba, kwani katika jimbo hili la New South Wales kuwapiga bata kwa starehe kulipigwa marufuku mwaka 1995, na mimi bunduki sina wala sijaomba.

Asubuhi moja mzee wetu mmoja ninayemheshimu sana alinikuta pale darajani. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee." Akaitika, "Marahaba," kisha akavuta kanzu yake kando na kusema, "Kumbe nawe umeshakuwa mzungu. Mbwa!" Sikumjibu, maana mkubwa hajibiwi njiani. Namjibu hapa kwa adabu, na namwomba anisome hadi mwisho.

Babu yangu hakuwa mzungu. Alikuwa mkulima wa mihogo na mnazi katika sehemu za Kwale, kusini mwa Mombasa, wilaya ambayo inasemekana hata jina lake limetokana na yule ndege kwale. Alisali sala tano. Na alikuwa na mbwa, mmoja tu kwa wakati, wa rangi ya udongo, mkia umejikunja kama bangili. Yule ninayemkumbuka mimi aliitwa Watasema. Jina kama la leso, na ujumbe wake ulikuwa kwa majirani.

Wengi wenu mmewaona kanga mashambani lakini hamkuwahi kuwawinda, kwa hiyo nieleze kidogo. Kanga hapendi kuruka. Ukimkaribia hukimbia kwa miguu, kundi zima limejipanga mstari, na mwanadamu hawezi kulifikia. Kazi ya mbwa ni kuwaharakisha hadi waone hapana budi kupaa mtini. Wakishatua juu, kosa lao ni hili: wanamtazama mbwa. Wanainama, wanamtukana kwa kelele zao zile za mlango mkavu, wote macho chini kwa adui wanayemjua, na hapo mtu anayenyata kutoka upande wa pili hapati hata mmoja wa kumwangalia. Babu alitumia upinde na mshale butu, ambao ncha yake ni kirungu cha mti kilichochongwa, usije ukakwama kwenye matawi. Kwale kazi yake ni nyingine. Yeye hujilaza kwenye nyasi mpaka unakaribia kumkanyaga, kisha hulipuka chini ya miguu yako na moyo wako unaruka pamoja naye. Mbwa humnusa mapema, na mwindaji husoma mkia wa mbwa kama baharia anavyosoma mawingu.

Wako waliowinda kwa njia rahisi zaidi: tanzi la uzi njiani, au ulimbo uliopakwa kijitini, na sisi watoto manati. Babu alisema mtego ni kama kuweka akiba benki, unapata ukiwa umelala, lakini hakuna utakachosimulia. Kuhusu msako wa kundi, watu kumi na mbwa ishirini, alikuwa na neno kali zaidi. Alisema nyama ya msako huliwa na magomvi. Kila mtu ndiye aliyepiga wa kwanza, kila mbwa ndiye aliyekamata.

Peke yake alikuwa hana wa kugombana naye wala wa kumdanganya. Alitoka baada ya sala ya alfajiri, umande ungali mzito, na nguo yake ya kuwindia, kikoi kikuukuu kilichotundikwa mwembeni, hakuingia nayo nyumbani kamwe. Nilifuatana naye mara mbili tatu tu, na kila mara aliniambia nibaki nyuma sana, kwa sababu hatua za mtu wa pili humfanya mbwa asikilize nyuma badala ya mbele. Hilo sikulielewa mpaka nilipopata mbwa wangu mwenyewe. Ukiwa peke yako na mbwa, masikio yako yanahamia kwake. Humwangalii ndege, unamwangalia mbwa anayemsikia ndege. Unapita saa nzima bila kusema neno, na ukirudi unahisi umezungumza asubuhi yote.

Sasa nije kwenye dini, maana najua mzee anangoja hapo.

Sisi wa pwani wengi ni Mashafi, na katika madhehebu yetu mate ya mbwa ni najisi nzito, huoshwa mara saba na moja kati ya hizo kwa udongo. Sibishani na hilo, wala babu hakubishana. Alikuwa na fungu la mchanga safi kando ya mtungi, na mbwa alilia chakula chake katika kifuu ambacho hakikugusa jikoni. Lakini Sharia hiyo hiyo ina mlango mwingine. Aya ya 4 ya Suratul Maida inahalalisha kile walichokamata wanyama waliofunzwa kuwinda, ikiwa jina la Mwenyezi Mungu limetajwa. Adiy bin Hatim, mtu wa kabila la Tai aliyekuwa mwindaji, alimwuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mbwa wake, na jibu alilopewa lina upambanuzi wa ajabu: mbwa aliyefunzwa akikukamatia, kula, lakini akianza kumla yeye mwenyewe, usile, kwani hapo amejikamatia nafsi yake.

Babu alimfunza Watasema kwa mizani hiyo. Na kwake jambo lilikuwa na uzito kuliko mnavyodhani, kwa sababu ya ule mshale butu. Ndege aliyekufa kwa kishindo cha mti au jiwe si halali. Lazima umfikie angali hai umchinje. Kanga aliyevunjika bawa haanguki akakungoja. Anatimka kwenye kichaka cha miiba, na bila mbwa utamkuta kesho akiwa mzoga. Kwa hiyo mbwa, huyu tunayemwita najisi, ndiye aliyeifanya nyama iwe halali. Alimbana ndege chini kwa mdomo mlaini, bila kumtafuna, mpaka babu afike na kisu na bismillahi. Kisha mahali palipoguswa na meno paliondolewa au kuoshwa kama inavyotakiwa. Mbwa alipata matumbo na kichwa. Bibi alipika kanga kwa nazi, na hakuna jirani aliyekataa sahani ilipopelekwa, ingawa kuna waliokataa kukaa karibu na babu kwenye maulidi. Jambo hilo lilimuuma hadi mwisho wa maisha yake. Sikuwahi kumsikia akilisema. Mbwa wake ndiye aliyelisema, kwa jina.

Wenzetu wa Kongo mtacheka kwamba tunahitaji maelezo marefu hivi. Katika misitu ya Ituri mbwa ni mwenzi wa uwindaji tangu zamani, naye huvalishwa kengele ya mti shingoni, kwani ni mbwa asiyebweka na bila kengele utampoteza kichakani. Wazungu walipomwona walimpenda. Mwaka 1895 walimpeleka kwenye maonyesho ya Crufts huko London, na wale wa kwanza wakafa kwa ugonjwa; mwaka 1937 wakafanikiwa. Mwaka 1959 Mwingereza Veronica Tudor-Williams alisafiri hadi kusini mwa Sudan kutafuta damu mpya ya ukoo huo. Leo mbwa huyo anauzwa kwa bei kubwa dunia nzima kwa jina la basenji. Mnalisikia neno hilo? Ni ndugu wa neno letu "washenzi," lile lile tulilowabandika watu wa bara. Sisi tulilitoa kama tusi, wenzetu wakaliandika kwenye cheti cha nasaba.

Serikali nazo zilikuwa na neno lao. Katika Tanganyika ya Wajerumani, Gavana Wissmann alitoa kanuni za uwindaji mwaka 1896, na mwaka 1900 mataifa ya Ulaya yalitia saini mkataba London kuhusu wanyama wa Afrika. Tangu hapo mwindaji wa kienyeji akaanza kuitwa jangili, na mgeni mwenye leseni akaitwa mwanamichezo. Baada ya uhuru, Tanzania ilifunga uwindaji mwaka 1973 hadi 1978, na Kenya ikapiga marufuku yake mwaka 1977. Mimi naunga mkono sheria hizo kwa ajili ya tembo na faru, nisifiche. Lakini hakuna tembo aliyewahi kufa kwa mshale butu wa babu.

Na hapa tulipo? Hata neno dingo, analolijua kila mtoto wetu shuleni, ni la papa hapa: limetoka katika lugha ya Wadharug, wenyeji wa Sydney, waliolala na mbwa hao usiku wa baridi kabla ya merikebu za mwaka 1788. Dingo naye habweki sana, na huzaa mara moja kwa mwaka, sawa na basenji. Mwaka 2022 wataalamu waliochapisha uchunguzi wa vinasaba vya dingo walimlinganisha na mbwa wa aina tano, basenji akiwa mmojawapo, wakamwona dingo yuko kati ya mbwamwitu na mbwa wa kufugwa. Katika mito ya magharibi ya jimbo hili wenyeji walitanda nyavu juu ya maji, wakarusha bumerangi juu ya bata huku wakiiga sauti ya mwewe, na bata walipoinama kwa hofu wakaingia wavuni. Babu angelipa nauli kuliona hilo.

Bunduki hapa ni mashaka. Baada ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, ambapo watu 35 walipoteza maisha, sheria zilikazwa nchi nzima, na ni vizuri. Wawindaji wenye leseni bado hupiga bata katika mashamba ya mpunga ya huko Riverina ili kuokoa mazao. Nilialikwa mara moja nitazame. Nilikataa, sijui kwa nini. Labda ni wale watu wengi.

Nabaki na deni moja kwa mzee. Hadithi zinazoruhusu mbwa zinamtaja wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba. Wangu si mmoja wao. Anaishi uani Granville na kazi yake ni kutetemeka mbele ya bata asiowagusa. Mzee akinibana hapo, amenipata. Sina hoja, nina kumbukumbu tu ya mtu mmoja na mbwa mmoja wakitokea kwenye ukungu wa Kwale na kanga wawili mkononi, wote wawili wamelowa, na hakuna aliyemwambia mwenzake neno.

Jumamosi nitakuwapo pale darajani, mzee wangu, panapo majaliwa. Kamba nitaishika fupi.