Kichwa Kinawasha, Maji Yako Bondeni

Mwenzio akinyolewa, zako tia maji. Methali hii tumekaririshwa tangu shule ya msingi, tukaijibia mitihani, tukaipa maana ya kujihadhari, basi tukaiacha hapo. Ni wachache waliowahi kuuliza: hayo maji ni ya nini? Ni ya kulainisha nywele ili wembe upite. Katika methali hiyo maji na kichwa havikutani kwa ajili ya usafi, vinakutana kwa kuwa zamu yako kwa kinyozi inakaribia. Hapo, ndugu msomaji, ndipo ninapotaka kuanzia historia ya jambo ambalo washikaji hulibishania kijiweni na akina dada hulibishania saluni: kichwa kikiwasha, kioshwe mara ngapi?

Swali lenyewe ni la mtu mwenye bomba ndani. Huku kwetu Kibimba, Ngara, nyumba nyingi ziko juu na maji yako bondeni. Ndoo ya lita 20 hupanda kilima ikiwa imekalia kichwa kile kile kinachowasha, na ikifika nyumbani inagawanywa: ya kunywa, ya kupikia, ya kumwogesha mtoto mchanga, ya vyombo. Nywele zinasimama mwisho wa foleni. Mtu akija hapo na shauri lake la kuosha kila siku, atasikilizwa kwa adabu, atapewa kiti, halafu ataulizwa kama amekuja na ndoo.

Ndiyo maana jibu la wazee wetu halikuwa kuosha. Lilikuwa wembe. Kunyoa hakutaki ndoo, kikombe kimoja chatosha. Chawa anakosa pa kugandisha mayai, na mba haina pa kujificha. Isitoshe wembe ulikuwa na kalenda yake tayari: watu wengi wa nchi za Maziwa Makuu walinyoa baada ya msiba, na pwani mtoto hunyolewa siku ya saba katika akika. Si kwamba watu hawakupenda nywele, la hasha! Jirani zetu Wanyarwanda walikuwa na amasunzu, nywele zilizochongwa kwa matuta kama mashamba ya mlimani, fahari ya wanaume na ya wasichana ambao hawajaolewa. Huwezi kuchonga tuta kama lile halafu ukalimwagia ndoo ya maji kila asubuhi. Nchi za wafuga ng'ombe zilijipaka samli ili mwili ung'ae, na mwenye samli mwilini alionekana amejitunza.

Pwani ndiko nilikokuta jibu la zamani lenye hesabu kamili. Mafundisho ya Kiislamu yanamtaka Mwislamu aoge, kichwa na mwili, walau mara moja katika siku saba, na Ijumaa ndiyo siku yake. Na katika josho la janaba maji lazima yafike kwenye mashina ya nywele, kulowanisha juu juu hakutoshi. Kumbe kabla shampuu haijajulikana dukani, mtu wa Kilwa au Lamu alikuwa na kipimo: siku saba, na mpaka kwenye shina. Nawaomba msomaji aikumbuke namba hiyo, maana tutakutana nayo tena mahali asipopategemea.

Neno shampuu nalo limetoka Bara Hindi, na mwanzo wake si sabuni hata kidogo. Ni kukanda. Bwana mmoja wa Kihindi, Sake Dean Mahomed, alifungua nyumba ya kuogea Brighton, Uingereza, mwaka 1814, akawakanda matajiri kwa mvuke na mafuta, Waingereza wakalichukua neno, baadaye wakalihamishia kwenye nywele. Kwa hiyo anayejisugua kichwa taratibu kwa ncha za vidole anafanya shampuu halisi kuliko anayemwaga povu na kusuuza.

Tuvuke bahari twende Marekani, kwa mwanamke mweusi aliyezaliwa Louisiana mwaka 1867 kwa jina la Sarah Breedlove. Wazazi wake walikuwa wametoka utumwani. Kichwa chake kilimwasha, kikatoa magamba, nywele zikaanza kukatika. Wengi wa wanawake wenzake walikuwa hivyo hivyo, na sababu mojawapo ilikuwa ndiyo hii yetu: nyumba zao hazikuwa na bomba, kuosha nywele kulikuwa kazi ya siku nzima, kukawa kunaahirishwa wiki baada ya wiki. Kuanzia miaka ya 1905 na 1906 akauza dawa yake chini ya jina la Madam C. J. Walker, na ndani yake mlikuwa na salfa, yaani kile kiberiti upele ambacho bibi zetu wanakijua. Lakini pamoja na kopo aliuza ushauri: osheni mara nyingi zaidi. Alipofariki mwaka 1919 alikuwa miongoni mwa wanawake matajiri kabisa wa Kimarekani waliojitafutia mali wenyewe. Watu humsifu kwa utajiri. Mimi namsifu kwa kuwa aliona kwamba kichwa kinachowasha kina habari ya bomba ndani yake.

Sasa, kinachowasha ni nini? Hapa ndipo ubishi wa kijiweni hupotea njia, kwa sababu tunaita kila kitu uchafu. Mba ni kitu kimoja. Mwaka 1874 Mfaransa Louis-Charles Malassez alieleza vijidudu aina ya hamira alivyoviona kwenye magamba ya kichwa, na leo vinaitwa kwa jina lake, Malassezia. Vinaishi juu ya kichwa cha karibu kila mtu, msafi kwa mchafu, vikila mafuta ambayo ngozi inayatoa yenyewe. Kwa wengine havina neno, kwa wengine ngozi inakasirika. Huyu wa pili akiosha hupunguza mafuta na magamba, anapata nafuu. Akiongeza mafuta juu ya magamba bila kuosha, ameficha moto chini ya majivu.

Mapunye ni kitu kingine kabisa. Ni fangasi anayeingia ndani ya unywele wenyewe, unakatika, panabaki duara lenye vumbi jeupe. Huyu humtoi kwa maji. Uoshe mara tatu kwa siku, uoshe kwa sabuni ya mche mpaka ngozi ichubuke, yumo ndani anakusikiliza tu. Mwaka 1904 huko Paris daktari Raymond Sabouraud alianza kuwatibu watoto kwa eksirei, nywele zote zikidondoka pamoja na ugonjwa, njia iliyokuja kuwaletea wengine madhara ya maisha. Dawa ya kumeza, griseofulvin, ilikuwa imegunduliwa mwaka 1939, lakini ni mwishoni mwa miaka ya 1950 ndipo ilipoanza kutumika kwa binadamu. Humezwa wiki kadhaa, sita hadi nane, na kupaka marhamu peke yake hakumalizi kazi.

Nimeyaeleza haya kwa urefu kwa sababu ya ukaguzi wa usafi. Kila aliyesoma shule ya msingi nchini anaujua. Jumatatu, mstarini, kucha mbele, kola nje, kichwa chini. Katika shule niliyosoma mwenye mapunye alitolewa mbele ya wenzake kwa kosa la kutokuoga, akachapwa, akarudishwa nyumbani kunyolewa. Nyumbani ananyolewa kwa wembe uliotoka kwa jirani, au kwa mashine ya kinyozi iliyopita vichwa kumi bila kufutwa. Na mapunye husafiri hivyo hivyo: kitana, kofia, wembe, mashine. Yaani mtoto ameadhibiwa kwa maji ambayo yasingemtibu, kisha akatumwa kwenye chombo kinachoeneza. Jamani! Hakuna aliyefanya kwa ubaya. Ila ni miaka mingi tangu vidonge vilipopatikana, na fimbo bado ilikuwa inatibu.

Wembe wenyewe uliharibikiwa jina humu humu mkoani. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania walitambuliwa Kagera. Ikafuata miaka ya kuambiwa msichangie nyembe, na watu wakaanza kwenda kwa kinyozi na wembe wao umefungwa kwenye karatasi. Jibu la kale la kichwa kinachowasha, lile la bure, likawa na bei na hofu.

Na sabuni ilikuwa wapi? Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, vita ikaenda hadi 1979, na baada yake nchi ikakaukiwa. Miaka ya mwanzo ya 1980 sabuni ilikuwa bidhaa adimu, ya kupangiwa foleni na kugawiwa kwa vipande. Watu wakafulia majani ya mpapai. Wakachuja majivu wakapata maji makali yanayotoa mafuta kweli kweli, ila kichwani yanaunguza na kukausha, na ngozi iliyokauka nayo huwasha. Aprili 1983 serikali ilipowakamata wahujumu uchumi, katika vitu vilivyofichuliwa huko maghalani sabuni ilikuwamo. Kizazi kilichokulia humo, ukiona kinakata mche wa sabuni kwa uzi ili kisipoteze hata chembe, usicheke.

Halafu ikaja 1994. Mimi sikuwapo, nimeikuta kwenye maongezi ya watu wazima. Tarehe 28 na 29 Aprili, ndani ya takriban saa 24, Wanyarwanda wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo wakaingia Ngara. Kambi ya Benaco, iliyochukua jina la kampuni ya kujenga barabara, ikawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya nchi hii, na baadaye zikaongezeka Lumasi, Musuhura, Kitali, Lukole. Kijiweni mpaka leo utamsikia mtu akisema wakimbizi walileta chawa. Neno hilo linaniudhi. Chawa haletwi na kabila wala taifa. Analetwa na nguo moja isiyovuliwa miezi mitatu na maji ya kupimiwa.

Ushahidi ulikuwa ng'ambo tu ya mpaka. Burundi, katika vita yake, homa kali ya chawa ilizuka gereza la Ngozi mwaka 1995, kisha ikaenea kwenye makambi ya waliohama makwao milimani, wagonjwa makumi ya maelfu mwaka 1997. Warundi waliiita sutama. Anayeeneza si chawa wa kichwani, ni yule wa mwilini anayejificha kwenye mishono ya nguo. Na haambukizi kwa kuuma: kinyesi chake kinabaki juu ya ngozi, mtu anajikuna, kucha ndizo zinazokiingiza. Charles Nicolle aliligundua jukumu la chawa huko Tunis mwaka 1909 baada ya kuona kwamba wagonjwa waliambukiza watu mpaka mlangoni mwa hospitali, lakini wakishavuliwa nguo na kuogeshwa hawamwambukizi yeyote. Akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1928. Josho moja na nguo safi, basi.

Baada ya balaa la Rwanda mashirika ya misaada yalikaa chini yakajitathmini, na mwaka 1997 wakaanzisha mpango wa Sphere wa kuweka viwango. Kiwango cha maji kikaandikwa: walau lita 15 kwa mtu kwa siku. Hayo ni robo tatu ya ndoo. Kunywa, kupika, kufua, kuoga, na kichwa humo humo. Namba hiyo imesambaa dunia nzima, na mizizi yake imo katika kambi za pande zetu na za Goma. Nani huku kijijini ametumia lita 15 peke yake leo? Hesabu mwenyewe.

Turudi kwenye ubishi wa saluni, maana nimeahidi namba. Madaktari wa ngozi wa Marekani huwashauri wenye nywele za kipilipili kuosha mara moja kwa wiki, au kila wiki mbili, na mwenye mba atumie shampuu ya dawa mara moja kwa wiki, aiache kichwani dakika chache kabla ya kusuuza. Siku saba za Ijumaa, hizo hapo! Wenye nywele laini zinazotota mafuta huosha mara nyingi zaidi, na ushauri wao ukisomwa na sisi hukausha vichwa bure. Anayekwenda kuweka dawa ya kunyoosha huambiwa kinyume kabisa: usioshe, usijikune siku chache kabla, kwa kuwa dawa ile ikikuta mchubuko inachoma. Duara lenye vumbi, kwa mtoto, ni zahanati na vidonge.

Aliyesukwa twende kilioni ana shida yake ya pekee. Kazi ya mchana mzima haifumuliwi Jumatano eti kichwa kinawasha. Anajipigapiga kwa kiganja, anachokonoa kwa mkia wa kitana, anasubiri. Lakini si lazima afumue. Shampuu kidogo iliyochanganywa na maji hupitishwa kati ya mistari kwa ncha za vidole, ikasuuzwa na nusu ndoo, mistari ikabaki. Nusu ndoo nyingine ni ya chakula cha jioni. Kwa kawaida atakayeteremka bondeni kuichota ni yeye mwenyewe aliyesukwa, na atarudi ameibeba juu ya mistari hiyo.