Kisangani, Juni 2000: Deni Lenye Wadaiwa Wawili

Wapiganapo tembo nyasi huumia: ndivyo wengi wanavyoyaeleza mapigano ya majeshi ya Rwanda na Uganda mjini Kisangani, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, tarehe 5 hadi 10 Juni 2000. Methali hiyo inawapunguzia wahusika lawama. Tembo hawana sheria ya vita. Majeshi yale yalikuwa na makamanda waliojua kwamba mji umejaa raia. Yaliingia Kongo mwaka 1998 yakiwa washirika, yakiwaunga mkono waasi wa RCD dhidi ya Rais Laurent-Désiré Kabila. Mwaka 1999 RCD ikapasuka: Rwanda ikabaki na tawi la Goma, Uganda ikamuunga mkono Ernest Wamba dia Wamba, mwanahistoria aliyepata kufundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisangani, soko kubwa la almasi, ikawa inagombewa.

Watetezi wa majeshi hayo husema raia hawakulengwa. Lakini majeshi hayo yalikwisha kupigana humo humo Agosti 1999 na Mei 2000, yakaahidi kuuachia mji, kisha yakarudia kwa silaha nzito. Zaidi ya makombora 6,600 yaliangukia mitaa ya watu huku daraja la Mto Tshopo likigombewa. Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa raia zaidi ya 760 waliuawa, 1,700 wakajeruhiwa, na nyumba zaidi ya 4,000 zikaharibiwa. Anayerusha kombora mahali anapojua wanalala watoto hawezi kujitetea kwa bahati mbaya. Wengine hutaja usalama, na kweli wauaji wa mauaji ya kimbari ya Rwanda ya mwaka 1994, wakiwemo wanamgambo wa Interahamwe, walikimbilia Kongo, hofu ya Rwanda ikiwa na msingi. Ila kwa siku zile sita adui aliyepigwa Kisangani alikuwa mshirika wa jana, si Interahamwe.

Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliitia Uganda hatiani mwaka 2005, na mwaka 2022 ikaiamuru ilipe dola milioni 325 kwa madhara ya vita vyake vyote Kongo. Kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda ilikwama mwaka 2006, kwa kuwa mahakama haikuwa na mamlaka ya kuisikiliza. Kukosa mamlaka si kumsafisha mtu. Azimio 1304 la Baraza la Usalama, la tarehe 16 Juni 2000, lilisema serikali zote mbili ziwafidie watu wa Kisangani. Kigali nayo inadaiwa, na viongozi wa Afrika Mashariki wana wajibu wa kuikumbusha hadharani.