Ombi Lisilongoja: Historia ya Dhana na Istilahi ya Hifadhi ya Tabaka, kwa Mtazamo wa Kasese na Bwera

Utangulizi

Makala hii inafuatilia historia ya dhana moja ya mifumo endeshi, yaani ombi la kusoma au kuandika data lisilokubali kungoja, na inauliza dhana hiyo iitweje kwa Kiswahili. Swali lina uzito katika ukanda wa Kasese na Bwera. Mpakani Mpondwe, Kiswahili kilikuwa lugha ya soko kabla ya kuwa lugha ya darasa. Mnamo Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda lilikipitisha kuwa lugha rasmi na kupendekeza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Mwalimu wa TEHAMA atakayeulizwa maana ya dhana hii anastahili kuwa na neno lisilompotosha mwanafunzi.

Mfano wa reli

Reli ilifika Kasese mwaka 1956, nayo shaba ya Kilembe ikasafirishwa kwa treni hadi kiwanda cha kuyeyushia cha Jinja, kisha ikaelekea pwani. Safari hiyo ilikuwa ya tabaka: mgodi, stesheni, mabehewa, tanuri, bandari. Tuchukulie mwenye mzigo anamwambia karani wa stesheni: "Upokee sasa hivi, au unijibu mara moja niende zangu." Karani hawezi kuahidi hivyo kwa kuangalia jukwaa lake tu. Mabehewa yakikosekana mbele, mzigo utalala, na ahadi yake itakuwa ya uongo. Hali ni hiyo hiyo ndani ya kompyuta.

Kutoka kungoja hadi kutongoja

Katika mapokeo ya Unix, programu inayoomba data kutoka diskini hulazwa mpaka data ifike. Mwaka 1983 toleo la 4.2BSD lilileta njia ya kuuliza ni mkondo upi ulio tayari, nayo ikafaa sana kwa mawasiliano ya mtandao. Faili za diskini zilihesabiwa kuwa tayari daima, ingawa mkono wa diski ulihitaji muda kufika mahali data ilipo.

Tabaka ziliongeza ugumu. Mwaka 1988 David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Berkeley walichapisha hoja ya kuunganisha diski nyingi za bei nafuu katika safu moja, yaani RAID. Linux 2.6, iliyotoka Desemba 2003, ilikuja na mfumo wa kupandisha kifaa kimoja juu ya kingine. Ombi moja sasa laweza kupita kwenye usimbaji, kisha mgawanyo wa hifadhi, kisha safu ya diski, ndipo lifike kwenye diski yenyewe. Kila tabaka laweza kulisimamisha: foleni imejaa, kumbukumbu haitoshi, au kufuli limeshikwa na mwingine.

Mwaka 2017, kwa kazi ya Goldwyn Rodrigues, Linux 4.13 iliruhusu ombi kubeba alama isemayo: ikibidi kungoja, nirudishe mara moja na jibu la "jaribu tena". Vifaa vya tabaka havikuitambua alama hiyo. Mwaka 2019 Jens Axboe alileta io_uring katika Linux 5.1, ambamo ombi lisiloweza kuendelea bila kungoja hukabidhiwa nyuzi za pembeni ndani ya kiini. Njia hiyo ina gharama, na juu ya vifaa vya tabaka ilitumika hata pale ambapo hapakuwa na sababu ya kungoja. Linux 5.10, ya Desemba 2020, iliruhusu alama hiyo ipite kwenye mpango sahili wa mstari, Linux 5.17, ya Machi 2022, ikaifikisha kwenye safu za RAID. Kifaa cha juu hutangaza uwezo huo ikiwa tu vyote vilivyo chini yake vinao.

Suala la istilahi

Mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, uliotoa Jambo OpenOffice mwaka 2004, ulishughulikia maneno ambayo mtumiaji huyaona kwenye skrini. Maneno ya kiini bado yanahitaji kazi. Kiingereza hutumia neno moja kwa kipande cha data na kwa tendo la kusimamishwa. Atakayelitafsiri bila kutazama muktadha atazaa "kifaa cha kuzuia" pale panapotakiwa "kifaa cha bloku". Kiswahili kinaweza kutenganisha maana hizo, na kwa hiyo hakina sababu ya kuazima utata huo.

Ninapendekeza "ombi lisilongoja" badala ya "lisilozuia", kwa kuwa anayeumia ni mngojaji, na kitenzi kimtaje yeye. Litofautishwe na "ombi la majibu ya baadaye": la kwanza hujibiwa papo hapo hata kwa kukataliwa, la pili hupokelewa sasa na matokeo yake huletwa kazi ikiisha. Kwa vifaa vilivyopandishwa, "tabaka" linafaa kuliko "rundo", kwa sababu rundo halina mpangilio, na hapa mpangilio ndio unaoamua ahadi ipi yaweza kutolewa.

Hitimisho

Ilichukua Linux karibu miaka mitano, kutoka 2017 hadi 2022, kuifikisha ahadi ya kutongoja kwenye safu za diski. Istilahi nazo zapaswa kupimwa hatua kwa hatua: katika madarasa ya Kasese, na miongoni mwa wasemaji wa Bwera wanaosikia Kiswahili cha Uganda na cha Kongo siku hiyo hiyo. Neno litakaloeleweka pande zote mbili za Mpondwe ndilo listahili kuingizwa kitabuni.