Nani Aliyelipia "Bure"? Karafuu na Matibabu ya Kengeja

Nilipokuwa mtoto Kengeja, kusini mwa Pemba, shangazi yangu aliikodisha mikarafuu yake kabla ya msimu, apate fedha za kumpeleka mwanawe asiyeweza kutembea kutibiwa Dar es Salaam. Mavuno yakawa ya mwingine, naye akachuma kwa ujira katika shamba lake mwenyewe. Haya yalitokea katika nchi iliyokuwa imetangaza matibabu bure tangu mwaka 1965. Je, "bure" ile ilikuwa na maana gani?

Kabla ya Mapinduzi, mgonjwa wa shamba alitegemea jamaa, sadaka na mkopo. Madeni yalikithiri hata serikali ya kikoloni ikatunga sheria mwaka 1934 ili mashamba yaliyowekwa rehani yasiishie mikononi mwa wakopeshaji. Baada ya 1964, Mzee Karume alitangaza elimu bure, kisha matibabu bure. Hatua hiyo inastahili heshima: mtoto wa mkwezi na mtoto wa tajiri walikaa benchi moja zahanati.

Lakini hazina iliyolipia huduma hizo ilijazwa na karafuu, na sehemu kubwa ya karafuu ilitoka Pemba. Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, lililoundwa mwaka 1968, ndilo lililonunua zao hilo peke yake, na mkulima alipata sehemu ndogo ya bei ya dunia. Tofauti ile ilikuwa mchango wa bima usio na risiti. Miaka ya 1980 Indonesia, iliyokuwa mnunuzi mkubwa, ilipojitosheleza kwa karafuu zake, bei ilianguka. Mchangiaji akapungukiwa, na huduma nayo ikapungukiwa.

Tusiseme basi kwamba watu wa Kengeja hawajazoea kuchangia. Wamechangia miaka mingi bila kuulizwa.

Leo tuna Pensheni Jamii, iliyoanza mwaka 2016 kwa kila mzee wa miaka 70 na zaidi, na Mfuko wa Huduma za Afya ulioanza mwaka 2023. Ni hatua njema. Hata hivyo, mfuko unaotegemea makato ya mshahara humwona kwanza mwajiriwa. Mchumaji karafuu hana mshahara wa mwezi, ana msimu. Makao ya wazee nayo yako Sebleni na Welezo kule Unguja, na Limbani, Wete, upande wa pili wa kisiwa chetu. Mtoto mwenye ulemavu mkubwa hutunzwa na mama au shangazi, na kazi hiyo haimo katika hesabu yoyote.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu: mchango wa mkulima ufuate msimu wake, na mlezi wa nyumbani ahesabiwe kuwa mchangiaji. Shangazi yangu alikwisha kulipa mara mbili: kwa karafuu zake, na kwa mgongo wake.