Hawala za Posta Zilizoonyesha Njia ya Wahamiaji

Mwaka 1926 mwanaanthropolojia Manuel Gamio wa Meksiko alianza kuchunguza jambo ambalo wakubwa wa pande zote mbili za mpaka walikuwa wakilikisia tu: Wameksiko wanaokwenda Marekani wanatoka wapi hasa, na wanafuata nini? Takwimu za mpakani hazikumtosha, maana wengi walivuka bila kuandikishwa. Akageukia posta. Alichukua kumbukumbu za hawala ambazo vibarua walituma nyumbani, akaangalia kila moja imetumwa kutoka wapi na imepokelewa jimbo gani.

Fedha nyingi zilielekea Michoacán, Guanajuato na Jalisco, majimbo yaliyo mbali kabisa na mpaka. Hawala za kiangazi zilikuwa nyingi kuliko za majira ya baridi, dalili kwamba watu walifuata misimu ya kazi kisha wakarudi kwao. Gamio aliorodhesha hata mizigo waliyorudi nayo: vitanda, gramafoni, magari. Msomaji mwenye ndugu Muscat au Minneapolis atawatambua watu hawa mara moja.

Kwa nini majimbo hayo? Katika miaka ya 1880 reli ziliyaunganisha na mpaka wa Texas. Marekani ilikuwa imewafungia mlango vibarua wa Kichina mwaka 1882, na mashamba ya magharibi yalihitaji watu, hivyo mawakala wa waajiri wakapanda treni kwenda kuwatafuta. Mapinduzi ya Meksiko ya mwaka 1910 yaliwaongeza waliokimbia, lakini njia ilikwisha kufunguliwa, na waliofungua ni waajiri.

Kitabu cha Gamio kilitoka mwaka 1930, uchumi wa Marekani ukiporomoka. Badala ya kusomwa na wenye mamlaka, kilipitwa na treni zilizojaa watu waliokuwa wakirudishwa Meksiko kwa mamia ya maelfu, wakiwemo watoto waliozaliwa Marekani na wenye uraia wake. Kisha Vita vya Pili vya Dunia vikaja, na mikono ileile ikahitajika tena. Kati ya 1942 na 1964 mpango wa Bracero, wa kuwaleta vibarua wa Meksiko kwa muda, ulitoa mikataba ya kazi ipatayo milioni 4.6. Ulipofutwa, mashamba hayakuhama wala mazao hayakujivuna yenyewe. Mwaka 1976 sheria ya Marekani iliiwekea Meksiko kikomo cha viza 20,000 za ukaazi kwa mwaka, na kibarua aliyezoea kwenda na karatasi akaanza kwenda bila karatasi. Dhuluma hiyo hainiingii akilini hadi leo: kazi ni ileile, bwana shamba ni yuleyule, ila mfanyakazi amegeuzwa mhalifu.

Mwaka 1982 watafiti Douglas Massey, Mmarekani, na Jorge Durand, Mmeksiko, walianza kuhoji kaya za vijiji na miji ya Jalisco na Michoacán. Walipenda kwenda majira ya baridi, wakati wahamiaji wamerudi nyumbani. Waliyosikia yaliwapinga waliodhani kila anayevuka anataka kuhamia moja kwa moja. Wengi walitaka fedha za kujenga nyumba au kununua shamba, mtaji ambao benki za kwao zisingewakopesha, kisha warudi.

Uvukaji huo bila karatasi Marekani ikaujibu kwa ulinzi wa mpakani: El Paso mwaka 1993, San Diego mwaka 1994. Njia zikasogea jangwani, malipo ya wavushaji yakapanda, watu wakafa kwa kiu. Aliyekwisha kuvuka hakuthubutu kurudi, akabaki na kuwaita mke na watoto. Wakazi wasio na vibali, wa mataifa yote, walikuwa kama milioni 3.5 mwaka 1990. Kufikia 2007 walizidi milioni 12. Uzio ulijengwa kuwazuia wasiingie, ukawazuia wasitoke.

Wimbi la Wameksiko lilipungua baada ya 2007. Ajira za ujenzi zilianguka Marekani, lakini kulikuwa na sababu nyingine iliyokuwa ikikua kimyakimya tangu zamani: mwaka 1970 mwanamke wa Meksiko alizaa kwa wastani watoto zaidi ya sita, na kufikia 2010 wawili na kidogo. Vijana wa kuvuka walikuwa wamepungua vijijini.